Ulimwambia Daktari Huna Ngiri

Mpendwa Baba mkwe,

Mkanda wako bado ninao, ule ulioshonwa kwa shuka kuukuu, wenye kitambaa kigumu cha kukandamiza kinenani. Niliukuta kwenye mfuko wa nguo zako niliokabidhiwa Mombasa. Nilidhani wamenipa vitu vya mtu mwingine.

Unakumbuka tulivyoondoka Voi? Ulikuwa unatoa damu chooni, na mwanao alikuwa kazini, kwa hiyo nikakusindikiza mimi. Ndani ya basi ulikaa mbele, mimi nyuma kabisa, maana mkwe hakai bega kwa bega na baba mkwe. Pale Maungu ulinunua ndizi, ukampa kondakta aniletee. Nilicheka peke yangu.

Hospitalini Mombasa, daktari alieleza kwamba atapitisha mpira wenye kamera ndani ya utumbo mkubwa. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika koti lako. Akauliza, "Mzee, una ngiri? Uvimbe wowote kinenani?"

Uliniangalia mara moja, kisha ukaangalia ukuta.

"Sina, daktari."

Ungelitajaje jambo hilo mbele ya mke wa mwanao? Naye daktari hakukupapasa.

Kamera iliingia kwenye utumbo ulioshuka ndani ya ngiri, ikakwama. Walipoivuta, utumbo ukachanika. Walikupasua jioni ile, hukuamka. Daktari aliniambia angejua, angeitengeneza ngiri kwanza. Nikasema, "Haya." Sikulia, na mpaka leo sijalia. Napika, nalisha kuku, nalala. Mama mkwe anasema nina roho ngumu. Labda. Mimi sisikii kitu chochote, Baba.

Sasa mwanao naye ameanza kutoa damu. Juzi tulienda Mombasa, yeye, mama yake na mimi. Daktari mwingine, swali lilelile. Mume wangu akamtupia mama yake jicho.

"Sina."

Nikasema, "Anayo, daktari. Upande wa kushoto."

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Daktari akampapasa, akaahirisha kamera. Ngiri itashonwa kwanza.

Mwanao hajanisemesha tangu siku hiyo. Chakula anapokea bila kuniangalia. Lakini sasa hivi ninapokuandikia namsikia akikohoa chumbani, na nimeacha kalamu mara mbili nimsikilize.

Pumzika, Baba. Koti lako analivaa yeye.

Mkweo,
mke wa mwanao