Kijiko cha Unga wa Ngano

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, mbele ya cherehani yako, miwani ikiwa imeteleza hadi ncha ya pua. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, bado wanagombania kitanda cha juu? Sisi huku wazima, na safari hii silisemi neno hilo kwa mazoea. Ni wazima kweli, ndiyo maana nimekaa kukuandikia barua ndefu.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba wifi yako hajui kulisha, maana haiwezekani mtoto wa mwoka mikate akonde akabaki mbavu na macho. Niliisoma nikainyamazia. Ni kweli binti yangu, mwanao, alikuwa amekonda. Miaka tisa, na nguo alizovaa ni za mtoto wa miaka sita. Tumbo limemtuna, kila akila anakimbilia chooni, darasani analala. Tulimpa dawa za minyoo mpaka minyoo yenyewe, kama ilikuwepo, ikahama.

Hatimaye daktari mmoja mama, mpole lakini asiyetaka porojo, akampima damu, kisha akamwingiza mpira mwembamba wenye kamera hadi kwenye utumbo. Akatuambia ni ugonjwa wa seliaki. Ndani ya ngano, akasema, mna kitu kinachoitwa gluteni, na mwili wa mtoto huyu ukikiona unaanza kuuchubua utumbo wake wenyewe. Dawa hakuna, ila aache ngano na jamaa zake, shayiri na wenzake, maisha yake yote. Hata chembe. Dada, miaka kumi na saba nimekanda ngano. Nilihisi kama nimeambiwa kwamba mkono wangu ndio unaomtia mwanangu sumu.

Wifi yako hakulia. Alirudi nyumbani akatoa jikoni mwiko, chujio na ubao wa kukatia, akanunua vipya na kuvifunga utepe mwekundu. Mimi akanipa amri: nikitoka kazini, nguo zivuliwe nje ya mlango na nioge kabla ya kumgusa mtoto. Majirani walinicheka sana, mwanamume mzima kusimama uani na kaptura. Mtoto akaanza kula wali, viazi, mahindi, mayai, na uji wa mtama asubuhi. Baada ya miezi miwili mashavu yakarudi. Akaanza hata kutukana wenzake kwa sauti, nasi tukashukuru.

Kisha ghafla akarudi nyuma. Tumbo, kutapika, usingizi. Wifi yako akadhani anakula mikate ya wenzake shuleni. Akaukagua mkoba wake, akamkanya, mwisho akamnyima kwenda kucheza wiki nzima. Mtoto akaapa kwamba hajagusa. Daktari akasema ikiendelea hivyo itabidi mpira urudishwe tumboni, na kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika damu, akatupima sisi sote. Mama mtu na kitinda mimba wamesalimika. Mimi nimekutwa nao! Kule kuhara nilikodhani ni maji ya kazini, na upungufu wa damu usiokwisha, kumbe ni ugonjwa huohuo. Tajiri wangu, Mungu ambariki, amenitoa kwenye tanuri. Sasa naendesha gari la kusambaza mikate iliyokwisha kufungwa. Nimekuwa fisi aliyepewa ulinzi wa bucha, tena fisi aliyefungwa mdomo.

Sasa dada, kaa vizuri, maana lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mtoto hakuiba mkate wa mtu. Ni mimi. Sikumwamini yule daktari. Niliona aibu kwamba binti yangu hawezi kula kazi ya mikono yangu, nikataka kuthibitisha kwamba ni uzushi. Kwa muda wa asubuhi tisa, mama yake akiwa bafuni, nilikoroga kijiko cha unga wa ngano kwenye uji wake. Alipoanza kuumwa niliacha, lakini mdomo sikuufungua. Nilisimama mlangoni nikimtazama akikemewa kwa kosa langu, nami kimya kama gunia.

Kilichonivunja ni siku aliyomwambia mama yake, taratibu, kama mtu mzima, "Mama, labda huwa naamka usingizini nakula bila kujua. Nifungie jikoni." Alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Nikasema yote palepale.

Wifi yako aliendelea kusugua sufuria kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nisimwambie yeye, nimwambie mtoto, tena nipige magoti nilingane naye. Nikapiga magoti. Mtoto akanitazama, akauliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamjibu si yeye, hata kidogo. Akavuta pumzi ndefu, akavaa viatu akatoka mbio kwenda kucheza. Mama yake alinisusa siku kumi na moja. Nilistahili mwaka.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Mwandikie wifi yako umtake radhi, maana ulimlaumu bure. Na wewe mwenyewe nenda ukapimwe, kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Daktari amesisitiza usiache mkate kabla ya kipimo, la sivyo ugonjwa utajificha. Basi kula kwa raha zako hadi siku hiyo.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Wifi yako naye anakusalimu, ingawa kwa ufupi. Mwanao amenizuia kufunga bahasha mpaka niandike kwamba gauni ulilomshonea mwaka jana limegoma kupita kiunoni, na anataka jingine, tena kubwa.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa mikate