Manyapara wa Seli

Cheptoo, usinipigie, Mama yuko karibu. Soma tu.

Leo nilikuwa namtafsiria yule mtafiti, Daktari Oyoo, kwa kina mama wa chama hapa Roret. Akataja microRNA. Wote wakanigeukia. Mimi na mdomo wangu nikasema ni manyapara wadogo ndani ya seli. Mmoja anaiamuru iache kukua, mwingine anaiambia umezeeka, kufa. Kwenye saratani ya mlango wa kizazi wengine wamenyamazishwa, wengine wanachochea, kwa hivyo seli zinazidi tu na hazifi.

Walinipigia makofi. Makofi, Cheptoo! Nikavimba kichwa.

Halafu Mama akasimama. Mama, ambaye vipimo vyake vilionyesha seli zimeanza kubadilika, na kesho anatakiwa hospitali ya Kericho zitolewe kabla hazijawa saratani!

"Basi kesho siendi. Nitangoja dawa ya kuamsha nyapara."

Siendi! Mbele ya watu wote!

Daktari akaeleza kwamba dawa kama hiyo bado inatafutwa maabarani. Nikatafsiri neno kwa neno. Mama akacheka: "Ulisema vizuri ile mara ya kwanza."

Ile mara ya kwanza!

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mama, hakuna nyapara. Nilimtunga mimi."

"Kwa hivyo ulidanganya wamama wa watu?"

Sikudanganya, Cheptoo. Ulikuwa mfano, na ulikuwa mfano mzuri.

Nikajibu, "Ndiyo, nilidanganya."

Sasa hanisemeshi. Lakini anapiga pasi nguo ya kesho.