Magamba Chini ya Gia Boksi

Jumamosi. Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha, joto limekaa tu juu ya mtaa wetu wa Mkolani.

Nimeoga, nikaoga tena, na bado nanuka. Nimejisugua mikono kwa majivu mpaka inawasha. Nashika kalamu hii kwa kinyaa.

Kwa miaka yote niliyomjua, baba aliendesha gari la meneja wa shirika. Shirika lilipovunjwa na mali zake kuuzwa, wenzake walipewa barua, yeye akapewa gari lenyewe, otomatiki kuukuu lisilotembea, na kuambiwa ndiyo haki yake. Mimi nilikuwa mpiga taipu palepale, nikapoteza kazi siku moja naye. Mgongo wake hauinami tena. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi ndiye ninayelala chini ya gari, naye anakaa kwenye kigoda pembeni na kunielekeza. Tulilifufua hivyo, yeye kwa mdomo, mimi kwa mikono. Lilipotembea aliweka sharti moja: mgonjwa yeyote wa mtaa akigonga mlango, apelekwe hospitali, iwe mchana au usiku.

Kisha likaanza kuvuja. Yale mafuta mekundu ya gia boksi, kila asubuhi doa jipya mchangani. Ukitia gia, injini inalia na gari limesimama. Nimekaza bolti, nimebadilisha sili ya nyuma, nikasifiwa, na asubuhi doa lipo. Zamani ningesema vipuri havipatikani, lakini siku hizi maduka ya Mirongo mjini yamejaa vitu vya Dubai hadi barazani. Nilikuwa natibu mahali pasipouma.

Ndani mlikuwa pia na harufu. Mimi nilidhani panya amefia chini ya kiti. Baba hakuisikia, pua yake imeharibiwa na ugoro.

Leo nikasema nifungue sampu yenyewe, lile bakuli la bati linaloshika mafuta chini ya gia boksi. Tuliinua gari kwa jeki, nikaweka magogo, nikaingia. Kabla ya kulegeza bolti nilipitisha kidole kwenye kona ya mbele. Pamebonyea, ubonyeo wa jiwe, na katikati pana ufa. Juu yake mtu amebandika sabuni ya mche kuuziba, donge zima, akalisawazisha kwa dole gumba. Alama ya dole bado ipo.

Halafu nikaona magamba.

Yamegandamana kwenye tope la mafuta, makubwa kama kucha, na kati yake miiba na kipande cha ngozi kilichokuwa kikitembea kwa funza. Sakafu ya gari ina tundu la kutu karibu na gia, na maji ya samaki yalikuwa yakichuruzika hapo. Nililegeza bolti ya kwanza kwa haraka mno. Sampu ikainama, na mafuta yaliyoungua yakanimwagikia shingoni, yakaingia sikioni na mdomoni pamoja na uchafu huo wote. Nilitambaa nje nikatapika kwenye ua wa mihogo.

"Umeona nini?" baba akauliza.

"Mafuta yameniingia mdomoni."

Nakiri hapa, kwa sababu mahali pengine sitakiri: nilirudi chini na kuanza kukwangua yale magamba ili asiyaone. Nilikuwa nimeshaelewa.

Mdogo wangu Bwire aliomba gari kwa wiki moja, kabla halijaanza kuvuja. Alisema mama wa rafiki yake ana kidonda kibaya, lazima apelekwe hospitali kila siku kufungwa dawa. Baba alimpa ufunguo kwa furaha. Aliwaambia wageni wote kwamba kijana ameanza kuwa mtu.

Katika wiki hiyo jirani yetu Mama Adela, mjane wa Kihaya wa nyumba ya pili, alikuja kugonga. Binti yake Adela alikuwa ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Nilikuwepo. Baba alimjibu mlangoni, "Mama, gari limebeba mgonjwa mwingine. Likirudi tu, ni lako." Majirani walimpakia Adela kwenye karia ya baiskeli, mmoja akisukuma, wawili wakimshikilia. Alijifungulia njiani, kwenye majani. Mtoto hakulia.

Baba aliumia sana, lakini alikuwa na neno la kujishikilia. Gari lilikuwa kwenye kazi yake. Nilimsikia akimwambia Mama Adela hivyo kwenye msiba wa mtoto yule, naye akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa bado nakwangua nilipoona viatu vya Bwire vimesimama kando ya gurudumu. Vimepigwa rangi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Dada yako yuko chini anapambana."

Nilifungua bolti zilizobaki, nikatoka na sampu mkononi, nikamwonyesha Bwire ile sabuni. Aliitazama, akatazama shati langu, akafanya kosa la kucheka kidogo.

"Nilidhani itashika," akasema.

Baba akanyoosha mkono nimpe. Aliigeuza sampu, akakiona nilichokuwa sijamaliza kukitoa. Akachomoa gamba moja na kulishika karibu na macho.

"Hili ni la sangara."

Akamgeukia Bwire.

"Mgonjwa wako alikuwa na magamba?"

"Baba, ilikuwa biashara ya muda tu. Kiwandani wanatoa minofu ya sangara kwa Wazungu, mapanki yanayobaki, vichwa na mifupa, wanauza, na asiye na usafiri hapati. Nilitaka nianze na mimi. Ningewaambia mngenikatalia."

"Siku ya Adela ulikuwa wapi?"

"Baba, ningejuaje?"

"Nimekuuliza ulikuwa wapi."

"Kiwandani. Kwenye foleni."

Kwa hiyo gari lilikuwa limesimama. Tupu, viti vya nyuma vimeng'olewa, likisubiri vichwa na mifupa. Nilimtazama ndugu yangu, shati lake jeupe, nikasikia mdomo umejaa mate ya kutapika tena, na safari hii hakukuwa na mafuta.

Baba hakumfokea. Aliegemea boneti akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, na kusema anakwenda kwa Mama Adela. Bwire akamzuia njia. "Baba, yameshapita. Ukimwambia unamrudishia msiba wake." Nakiri pia kwamba kwa nukta moja nilidhani Bwire yuko sahihi. Baba alimzunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi, akaenda.

Mimi nikarudi kazini kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda. Niliosha sampu kwa petroli, nikazigonga kingo zake kwa nyundo juu ya jabali la uani mpaka zikalala sawa. Nikachomelesha ufa kwa fundi wa barabarani, nikasafisha kichujio, nikaweka gasketi mpya na kukaza bolti kidogo kidogo, upande huu na upande wa pili, kama baba alivyonifundisha. Nikamimina mafuta mapya. Niliwasha, nikapitisha gia zote, nikaliacha lingurume. Chini pakavu. Kwa wiki zote hizi niliwaza siku hiyo ningepiga vigelegele. Nilizima injini na kufunga mlango.

Baba alirudi jua likiwa linazama, akakaa kwenye kigoda chake. Nilimletea maji ya kunawa, akayaacha.

"Amesemaje?"

"Amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama wale samaki wa msibani ndio walewale."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka. Jioni ya maziko Bwire alikuja na gunia la mapanki kwenye msiba, rambirambi yake. Akina mama waliyakaanga, wafiwa wakala. Mama Adela alisimama mbele ya watu wote akamshukuru, akamwombea baraka.

"Ukamjibu nini, baba?"

"Nimemjibu ndio walewale."

Nami nilikula. Nakumbuka vizuri, kichwa kikubwa, nilikifyonza mpaka mfupa ukawa mweupe, nikasifu chumvi yake.

Bwire yuko mlangoni sasa hivi, nasikia akivua viatu. Chakula kiko jikoni. Atajipakulia mwenyewe, mimi sitampa sahani leo. Ufunguo wa gari nimeufunga kwenye pindo la kanga.

Kesho sitakwenda kanisani. Nitakwenda kwa Mama Adela kabla hajatoka. Sina la kumwambia. Nitakaa pale mpaka yeye mwenyewe aniambie niondoke.