Kivinjari Nilichokipa Nafasi ya Mwisho

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimeanza mashindano! Mashine zangu zote za mezani hapa cyber ni kuukuu, kila moja ina vivinjari vinne, na kila kivinjari kinajisasisha kikipenda, kwa forfait yangu mimi, bando la intaneti ninalolilipia. Basi. Kitabaki kimoja. Nimefungua ukurasa uleule wa matokeo ya mtihani katika vyote — Chrome, Edge, Firefox, Opera — nikakaa kama refa, mikono kifuani. Chrome kimefungua haraka, halafu mashine ikaanza kuhema. Kumbukumbu yote kimekula chenyewe. Edge ni kipole, ila maswali yake hayaishi: je, niwe kivinjari chako kikuu? Ngoja zamu yako, bwana.

Wateja hawajui lolote. Kwao vyote ni "internet". Kuna mmoja hutaka "internet ya bleu" tu, yaani Edge, eti ile ya nyekundu inamletea nuksi.

Sumaya kaja na chakula. Akauliza nilioa yeye au mashine.

Jumanne, 9 Septemba

Matokeo! Kwanza Firefox: nikikiwekea kizuia matangazo forfait inapumua, na fomu ndefu hakijaangusha hata moja. Pili Edge. Tatu Chrome — nakipenda, lakini mashine hizi si za saizi yake. Mwisho Opera. Opera sikukipima sawasawa, sikukipa hata nafasi ya kujitetea. Nilijiambia tu: nani anakitumia hapa? Hakuna mtu.

Nimeviondoa vyote isipokuwa mshindi. Edge hakikubali kutoka, kinajiona mtoto wa nyumba, nimekificha tu. Opera kikaniuliza kama kifute na data za mtumiaji. Nikaweka alama: ndiyo. Usafi ni usafi! Mashine sasa ni nyepesi, nami nimejisifu mchana kutwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Yuko mtu. Mama Mukamugema.

Ameingia asubuhi, katoka mtaa wa Ndosho kwa miguu, akaketi kwenye mashine ya pembeni kama kawaida yake. Simu yake ni ile ndogo ya kupiga na kupokea tu. Alipoukimbia mji wa Kiwanja akafika hapa Murara, Goma, mimi ndiye niliyemfungulia email. Nenosiri nilibuni mwenyewe, nikamwachia Opera alitunze, kwa sababu siku ile ndicho kilichokuwa wazi. Ndivyo tunavyofanya, cyber zote. Mteja hashiki nenosiri. Anasema "email yangu iko kwa Idriss", kama mtu anayesema mbuzi wake yuko kwa jirani. Na humo ndimo itakapoingia tarehe ya mahojiano kutoka ofisi ya viza, ili aende kuishi na binti yake Igihozo kule Ubelgiji. Ana huyo tu.

"Mutoto yangu, bale ba bureau balishaandika?"

Nikatafuta. Nikatafuta tena. Nenosiri lilikwenda na Opera, nami silikumbuki hata herufi moja. Namba niliyoweka ya kurudishia akaunti ni ya kadi yake ya simu ya zamani, ile iliyopotea baadaye. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Mama, leo réseau iko mubaya."

Mtandao ulikuwa mzuri! Kijana wa mashine ya jirani alikuwa anatazama mpira. Mama akaniombea baraka, akaenda zake. Mwongo mkubwa mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejaribu jina lake, jina la binti yake, Kiwanja na mwaka, Murara na mwaka. Nimefungiwa: umejaribu mara nyingi mno. Nimerudisha Opera kwenye mashine — kitupu, kisafi, kama nilivyokitaka. Msikitini mwili ulikuwepo, hotuba sikuisikia.

Nimemwambia Sumaya. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Amesema jambo lenyewe si gumu: Mama ana namba ya Igihozo, Igihozo aiandikie ofisi, wabadilishe anwani ya email. Simu moja tu. Kinachokosekana ni mimi kufungua mdomo.

Najua.

Jumatatu, 15 Septemba

Amerudi. Nimesema réseau. Tena!

Ameniletea maparachichi, eti nimepungua, kazi inanimaliza. Nimeyapokea kwa mikono miwili.

Naona haya hata kuandika, lakini niandike. Watu wanapita cyber nyingine wanakuja kwangu kwa sababu Idriss hapotezi kitu cha mtu. Nikimwambia Mama, kabla ya jioni Ndosho nzima itajua. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nimepanga tena nafasi, kama nilivyopanga vivinjari: sifa yangu juu, safari ya mama wa watu chini.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nasema. Nimejizoeza maneno tangu asubuhi.

Hakuja. Nikafurahi — nikafurahi, mimi!

Ijumaa, 19 Septemba

Amekuja. Amevaa kitenge chake cha kanisani, na leo si Jumapili. Igihozo amempigia: ofisi inasema tarehe walishaituma, na Mama asipojibu leo kabla hawajafunga, nafasi anapewa mwingine.

"Fungua, mutoto yangu! Tubajibu mbio!"

Ameshaketi. Ameshavaa miwani. Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia kazi ya mteja. Hakuna mteja. Kazi yenyewe ni hii, naandika ili nisimtazame.

Igihozo bado yuko kwenye simu, sauti imewekwa juu, namsikia mpaka hapa kaunta. Anamuuliza mama yake kama kweli hiyo email ilikuwa inafunguliwa, wiki zote hizi. Au yule bwana wa cyber anamzungusha? Mama amekasirika. Siyo na mimi — na binti yake!

"We Igihozo, nyamaza. Huku Goma Idriss njo mutoto yangu. Kama kulikuwa na shida, angeniambia."

Nimesimama. Nimeketi tena. Dakika zinakwenda na ofisi ya watu itafungwa. Mama, nisamehe, nilifuta. Maneno matatu tu!

Sasa anakuja. Amenyoosha mkono wenye simu juu ya kaunta, anatabasamu, anasema nimwambie Igihozo mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba hapa hajawahi kudanganywa.