Goli Ulilotaka Nikusimulie

Kwako Kulwa, uliyenitangulia kuzaliwa na ukanitangulia kaburini,

Jana timu ya taifa ilicheza tena, na kwenye banda la video hapa Kharumwa watu walipigana vikumbo. Sikwenda. Tangu ile mechi ya siku ya mvua sijakanyaga pale, wala sijamsimulia mtu lile goli. Ulisema nikusimulie wewe.

Mpira ulinifundisha wewe, tukichunga ng'ombe wa baba kule Kishapu. Ulipokuwa mchimbaji na kocha wa timu ya machimbo, darasa likahamia kwenye mgahawa wangu. Ulichota choroko kwenye ungo niliokuwa nachambua, ukazipanga mezani: mabeki hapa, viungo mbele yao, wamebanana. "Wakubwa hatuwawezi kwa kugombania mpira," ulisema. "Waachie wauchezee. Funga katikati, vumilia mpaka wapande wote. Ukinyang'anya, watatu watoke mbio kabla hawajageuka." Watu walikuita mwoga. Wao walitaka tushambulie tangu filimbi ya kwanza, halafu tukifungwa magoli ya aibu wamlaani kocha wa taifa wiki nzima.

Choroko moja hukuisogeza kamwe, ya beki wa mwisho. Masanja, aliyecheza namba hiyo kwenye timu yako, alikuwa na mwili wa beki na moyo wa mshambuliaji. Akiona kona tu, huyo. Ulimkemea mbele ya wateja wangu: "Bebe, wewe Masanja, ukipanda wewe, nyuma kuna nani?" Alicheka, nawe ukacheka, na Jumapili iliyofuata akapanda tena.

Mtu huyohuyo ukamweka mdomoni mwa duara lako, shimo ulimochimba dhahabu. Sijui ulifikiri nini. Kila mchimbaji anajua kwamba mtu wa juu haondoki: yeye ndiye anayevuta winchi, anayesikiliza kuta, anayewaita walio chini wapande. Siku ile mvua ilikuwa imeingiza maji, ukasema yakilala humo matimba yanayoshikilia kuta yatalegea na ukuta utashuka. Ukapita mgahawani ukielekea kuyachota. "Nenda bandani, Doto. Usiniambie matokeo. Nisimulie goli lilivyopatikana."

Goli likaingia. Watu wakagonga mabati, kelele zikafika mpaka kwenye duara. Masanja akaacha winchi, akaja mlangoni mwa banda kuchungulia marudio. Marudio tu. Aliporudi, ukuta ulikuwa umeshuka.

Walikufukua mkono mmoja ukiwa umeshika ngazi. Labda Masanja angekuwepo angesikia udongo ukianza kudondoka, akakuita. Hiyo labda ndiyo ninayolala nayo.

Msibani alikaa mbali na turubai. Mama akampelekea chakula. Mimi sikuweza, na bado siwezi. Siku hizi havuki nusu ya uwanja, hata timu ikiwa inafungwa, hata watazamaji wakimzomea. Juzi alikuja mgahawani, akaagiza chai, akaiacha ipoe. "Dada Doto," akasema, "siku hizi nabaki." Nikamuuliza anamlinda nani sasa. Akainuka akaondoka. Nina hasira naye, Kulwa, na nina hasira na wewe uliyemjua ukamwamini. Hata aliyefunga goli lile nina hasira naye, maskini, na hajui kama nipo duniani.

Haya, sikiliza. Wageni walitubana mpaka wakapanda wote. Kiungo wetu akaunasa mpira kwenye ukingo wa boksi letu, akaupiga kulia bila hata kutazama. Watatu wakatoka. Winga akakimbia nao, akakata ndani, kipa akamfuata, naye akamwachia mwenzake wa kushoto, lango tupu. Zilikuwa choroko zako, kila moja mahali pake. Wale waliokuita mwoga wakakumbatiana, nami nikageuka kukutafuta nyuma yangu nikuonyeshe.

Kwenye marudio, yaleyale aliyoyafuata Masanja, nilimwona na beki wetu wa mwisho. Wenzake walikuwa wamerundikana kwenye kibendera cha kona wakishangilia. Yeye hakupanda. Alisimama nyuma peke yake, kama ulivyotaka.

Lala, ndugu yangu. Nimeshakusimulia.

Pacha wako aliyebaki,
Doto