Asali Yako Imeliwa na Mtani

Ipo, dada Mwanahawa, asali yako ipo, ila ipo tumboni mwa Mnyamwezi! Shikamoo kwanza.

Nilikuwa na kibuyu cha asali hiyo mkononi, nikapanda kilima kimoja hapa Tabora kutazama kanisa. Juu kuna upepo mtamu, nyuki wanavuma kwenye miombo. Karibu na kanisa lipo tembe la kale, nyumba ya udongo walimolala wapagazi wa misafara. Mzee anayelilinda akaniuliza, "Kabila gani wewe?" Na mimi kwa kiherehere changu, "Mzaramo!"

"Kumbe mtani! Babu yako alimnywesha babu yangu maji ya bahari, akamwambia ni togwa!" Akaninyang'anya kibuyu, akachovya vidole vyote, akalamba huku ananitazama machoni! Nikatishia kwenda bomani kumshtaki kwa bwana shauri wa serikali. Watu wakanizomea: "Tangu lini mtani akashtakiwa?" Jamani, mtu unaibiwa na bado unatakiwa ucheke!

Sasa sikia, dada. Yule jirani yako Mnyamwezi mwenye majogoo, si mtani vilevile? Kamata lile nene. Mola akulinde, lina makucha. Supu yako, mapaja niwekee mimi. Umekubali?

Mdogo wako, Salumu