Sura ya Guy Ukutani Kigoma

Koko Adolphine, bibi yetu wa radio, nisaidie, roho yangu haitulii.

Mi ni Bertin wa Baraka kule Fizi, ng'ambo ya ziwa, vita ilinileta Kigoma, na huku nilikuta bijana benye kuchora ukutani karibu na soko, kitu sijawahi kuona kwetu, kwetu ukuta ni wa matangazo ya bia, lakini hawa banachora bakubwa ba vita banakula kwenye sahani moja, batoto bako chini ya meza, bapita njia banasimama, banacheka, kisha banaangalia nyuma yabo, nikasema kumbe rangi inasema kile midomo inaogopa, nikaomba kipande changu, nikachora bantu betu ba Fizi benye balikufa, juu nikaandika "Nani atatujibu?", na katikati nikaweka sura ya ndugu yangu Guy, mwenye basoda benye bunduki balibeba siku tulikimbia na hatujasikia habari yake tena, sasa mama moja wa Kazimia, muuza samaki, akamutambua, akavuka ziwa na habari mpaka Baraka, na mama yangu amenyoa kichwa, amekaa chini, matanga inaendelea, na mi sijui kama Guy amekufa, benzangu banasema nikifuta nitaharibu ukuta wote, nifanye nini?

*

Bertin mwanangu, mi masomo sikufanya, Clarisse wa hapa radio Baraka amenisomea barua yako, nimesikia yote. Pole sana. Sasa ngoja nikugombeze.

Nani alikutuma kumuzika ndugu yako kwa rangi? Kwetu muntu hawekwi na benye kufa mpaka familia ikae, bakubwa baseme, ndipo bantu balie. We umemaliza yote peke yako, na burushi mukononi! Huko ni mchoro. Huku imefika kama komunike ya kifo, ile tangazo tunasoma kwa radio.

Usifute ukuta. Bale bakubwa baache bakule pale pale, bantu babaone. Lakini Guy umutoe kati ya benye kufa, umuchore peke yake, uandike: "Mulimupeleka wapi?" Hiyo itabauma zaidi, maana inadai muntu.

Mi kesho asubui naenda kwa mama yako. Nitamuinua kwenye mukeka, nitamupikia bugali, na bale banakuja kulia wakati sufuria iko motoni nitabafukuza na mufagio. Lakini neno "sijui" sitamuambia mi. Ni lako. Njia ya ziwa ikiwa wazi, panda boti, kuja umuambie macho kwa macho.

Najua kwa nini ulimuweka pale. Ulichoka kungojea. Kuchoka siyo zambi, mutoto wangu. Lakini mama yako alikuwa bado na nguvu ya kungojea, na we umeikata. Kuja, mungojee pamoja.